Mnong'ono wa Mwenye Mashine

Kopo lenyewe lilikuwa la mafuta ya kupikia, yale ya msaada yaliyokuwa yakitolewa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nduta na kuishia kwenye majiko ya nusu ya wilaya ya Kibondo. Nililikata kitako, nikalitoboa matundu pembeni, nikalifunga kwa waya kwenye mdomo wa bomba la moshi la mashine yangu ya kusaga. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshamwambia fundi aing'oe sailensa. Nilipoiwasha injini asubuhi ile, kuku wa jirani waliruka wakapanda juu ya paa, na mimi nikacheka mpaka nikashika kiuno.

Asiyewahi kuishi na mashine za kijijini atadhani nilikuwa na wazimu. Lakini kwetu mashine ya kusaga haina bango wala haitangazwi redioni. Mtu anapalilia maharage ng'ambo ya bonde, anasikia tu-tu-tu-tu, anajua leo wanasaga, anamtuma mtoto nyumbani akachukue debe la mahindi. Mashine isiyosikika ni sawa na mashine mbovu. Ndiyo maana kila mwenye mashine anahangaika kuifanya yake ipige kelele kuliko ya mwenzake. Mwenye duka mmoja pale senta, ambaye naye alikuwa na mashine, alifunga kipande cha bati. Bati lake lilikohoa tu. Kopo langu lilisikika mpaka kambini, na wanawake waliokuja kusaga mahindi ya mgao waliniambia, "Mama, ile kopo yako iko inalia mpaka kule kwetu, hata mtu kama analala anaamuka." Nilivimba kichwa kwa sifa hiyo.

Nilikuwa na sababu ya kutaka kusikika. Mashine aliiacha marehemu mume wangu, na matanga yalipokwisha baadhi ya ndugu zake walisema mwanamke hawezi injini ya dizeli, bora iuzwe. Mimi ni mtu wa hasira, sijifichi. Nilivaa koti lake la kazi, nikazungusha handeli mwenyewe mbele yao mpaka injini ikakubali, na mikono ikanitetemeka siku nzima kwa sababu sikuwa nimezoea. Tangu hapo kila kopo lilipolia nilihisi ninawajibu wale ndugu. Sikuona ubaya wowote wa kujibu kwa sauti kubwa.

Kazi nilijifunza kwa masikio. Chekeche likichanika, kinu kinabadilisha mlio kidogo kabla hujaona chenga kwenye unga. Mkanda ukilegea unapiga mluzi. Msumari ukiingia pamoja na mahindi unasikia kinu kimestuka, unakimbilia kuzima. Niliweza kupiga soga na wateja nikiwa nimeipa mashine mgongo, na bado nikajua kila kinachotokea tumboni mwake. Wanaume waliotaka iuzwe walianza kuleta mahindi yao kwangu, na walisubiri foleni kama wengine.

Kisha mradi mmoja ukatuita wenye mashine kwenye semina, ukatupa soda na vikinga masikio, vile vya plastiki vinavyofunika sikio lote na kushikwa na upinde kichwani. Mwezeshaji alitueleza kwamba ukiona unalazimika kupaza sauti ili mtu aliye karibu kiasi cha kumgusa akusikie, ujue kelele ya hapo inakula masikio. Akasema ubaya wake ni kwamba mtu huizoea. Baada ya muda anadhani mashine imepoa, kumbe mashine iko vilevile, kilichopoa ni sikio. Tulimcheka. Tulikuwa tumepigiana kelele miaka yote hiyo na hakuna aliyekuwa amepungukiwa sikio hata moja. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, na nilimsikia vizuri kila neno.

Nilivivaa asubuhi moja, na kufika mchana nilikuwa nimevivua. Kwanza mashine iligeuka mgeni kwangu, sikujua inasema nini. Lakini jambo kubwa lilikuwa salamu. Kwetu Buha, nchi ya Waha, mtu hapiti hivi hivi, na salamu yenyewe si neno moja. Anainama kidogo, anapiga makofi ya taratibu, anasema mwakeye, unaitikia, anakuuliza mmelalaje, watoto je, shamba je, na wewe unamrudishia moja baada ya jingine na makofi yako. Bibi mmoja alinisalimu hivyo nikiwa nimejifunika masikio. Sikumsikia, nikaendelea kumimina mahindi. Aliondoka na gunia lake bila kusaga, akaenda kusema mjane amepata majivuno mpaka anaziba masikio asisalimiwe na wazee. Niliona aibu, nikamfuata kwake na unga wa bure kumwomba radhi. Vikinga masikio nikavitundika kwenye msumari ukutani, na pale vilikaa miaka, vikapauka kwa vumbi la unga. Nilijiona mtu mwenye adabu.

Usikivu haukuniacha kwa siku moja. Viliondoka kwanza vitu vidogo ambavyo hakuna mtu anayevikumbuka. Nyenje walinyamaza. Simu iliita ndani ya mkoba nikaambiwa na wengine. Watu walianza kuongea kama wana ugali mdomoni, na niliwalaumu wao, hasa vijana, kwamba siku hizi hawafundishwi kutamka. Jioni nikizima mashine, masikio yalibaki yakivuma. Zamani mvumo huo uliisha nikilala, baadaye nikawa naamka nao. Lakini sufuria ikianguka sakafuni, au mtoto akigonga sahani kwa kijiko, iliniingia kichwani kwa maumivu makali mpaka nikafumba macho. Hilo ndilo lililonidanganya. Nilijiambia, kiziwi gani anaumizwa na sufuria?

Na sauti yangu ilipanda. Sikuisikia ikipanda. Watu waliniuliza, "Mama, mbona unagomba?" nami nilikuwa naomba kibiriti tu. Kwa kuwa nilikuwa na sifa ya hasira tangu zamani, walizoea. Walisema ndivyo alivyo, ana mdomo huyo. Sifa hiyo ilinifaa, maana afadhali uitwe mkali kuliko uitwe kiziwi. Kiziwi anafanyiwa ishara kama mtoto, anachekwa akiwepo, anasemwa akiwa amekaa palepale. Mkali anaogopwa.

Nina binti mmoja. Aliolewa wilaya ya Kasulu, upande wa Kagerankanda, kwa watu waliotoka Burundi zamani, sasa ni raia, wakulima na watu wa kanisa. Mama mkwe wake ni mwanamke wa sauti ya chini mno. Kila nilipokwenda aliongea nami akitazama chini, nikaona midomo tu inachezacheza. Niliamini ananidharau. Nilimjibu kwa "ndiyo" na "haya" za kubahatisha, na nikirudi Kibondo nilimsema kwa majirani kwamba mkwe wangu yule hata kufungua mdomo mbele yangu anaona tabu.

Binti yangu alikuwa ananiambia kila kitu, tangu akiwa mdogo. Alipopata mimba ya kwanza alinipigia simu mimi kabla ya kumwambia mumewe. Ilipotoka, alinipigia mimi. Ya pili nayo ilitoka, akalia kwenye simu na mimi nikalia, kila mtu upande wake. Yeye na mumewe walikubaliana wasiwaambie watu wa nyumbani, kwa sababu shangazi wa mume alikuwa ameshaanza kuuliza nyumba ile itakaa bila mtoto mpaka lini, na kwamba wanawake hawajaisha duniani. Wakijua mimba zinatoka, wangesema mwanamke ana kasoro. Kwa hiyo tuliojua ni yeye, mumewe na mimi. Katika maisha yangu sijawahi kukabidhiwa kitu kikubwa kuliko hicho. Nilikuwa nakificha hata kwenye sala, nikisali naomba "lile jambo" bila kulitaja.

Baada ya mavuno ya maharage walinialika kwenye sala ya shukrani nyumbani kwao. Uani kulijaa watu: wakwe, mawifi, yule shangazi, wazee wa kanisa, majirani. Wanawake walikaa kwenye mikeka wakichambua maharage huku wakisubiri chakula. Binti yangu alinivuta jikoni, akaweka mdomo kwenye sikio langu. Nilisikia "tena," nikasikia "miezi," na mkono wake uliokuwa tumboni ukanimalizia habari. Nilimkumbatia mpaka khanga ikamdondoka. Nilitaka kuruka.

Dakika hiyohiyo wifi yake akaita kwamba maji yamekwisha, na binti yangu akachukua ndoo. Nilimwahi mlangoni. Mlango wa jiko unafungukia uani, lakini watu walikuwa hatua kadhaa kutoka pale, na mimi niliinama mpaka mdomo wangu ukagusa hereni yake. Nilinong'ona. Nataka ieleweke kwamba nilinong'ona. Niliibana sauti, nikaifinya kooni, nikasema:

"Weka ndoo chini. Zile mimba mbili zilitoka kwa sababu ya ndoo hizihizi. Hii ya tatu hawatakuulia kwa maji yao. Mama mkwe wako ana mikono, akachote mwenyewe."

Nilimwona amekakamaa. Nikadhani ni kichefuchefu, au ameogopa tutasikiwa. Nikamshika bega nikamwongezea, "Usiogope, hakuna anayesikia."

Mimi kimya sikitambui tena kwa masikio, nakitambua kwa macho. Niliona mikono imesimama juu ya ungo wa maharage. Niliona mzee wa kanisa anaitazama kofia yake. Mdomo wa shangazi ulikuwa wazi, na mawifi walikuwa wanamtazama binti yangu tumboni. Mama mkwe wake ndiye pekee aliyekuwa ananitazama mimi. Aliinuka, akaja taratibu, akaitoa ndoo mkononi mwa binti yangu, akasema kitu ambacho sikukisikia, akatoka nje kwenda kisimani. Niliona amenirudishia maneno yangu usoni mbele za watu, damu ikanichemka. Sikuwa nimeelewa bado. Binti yangu alikuwa analia bila kujifunika uso.

Sikula chakula chao. Binti alinisindikiza barabarani kusubiri gari la Kibondo, na njia nzima hakusema neno, au kama alisema sikulipata. Tulipofika alinishika mabega akanigeuza nimtazame.

"Mama, ulikuwa unapiga kelele."

"Nilinong'ona!"

"Mama, ulisema kwa sauti ya mashine. Wamesikia wote. Hata waliokuwa njiani wamesikia."

"Nakwambia nilinong'ona! Nilikunong'oneza sikioni!"

Watu waliokuwa wakisubiri gari waligeuka. Muuza ndizi aliacha kupanga ndizi zake. Kijana wa bodaboda alizima pikipiki ili asipitwe na ugomvi. Niliwatazama mmoja mmoja, na hapo ndipo nilipojua kwamba nimesimama kando ya barabara nikipayuka kwa koo lote kwamba mimi huwa nanong'ona. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Nilikuambia wewe peke yako, Mama," alisema binti yangu. Maneno hayo niliyasoma mdomoni mwake, kwa sababu aliyasema kwa sauti ya kawaida ya mtu aliyechoka. Kisha gari likaja, na hakunipungia mkono.

Nyumbani sikutaka kuamini. Kesho yake nikafunga mlango na dirisha, nikakaa kwenye kigoda jikoni, nikajinong'oneza, "Sijui kama nina chumvi." Sauti niliisikia kwa mbali sana ndani ya kichwa, mnong'ono halisi kama ninavyoukumbuka. Nikatulia. Nilipofungua mlango, jirani yangu alikuwa amesimama na chumvi kwenye kisahani. Alicheka, akapaza sauti: "Si ungekuja tu, dada, badala ya kuita?" Niliipokea chumvi nikamshukuru. Nilikuwa nayo nusu mfuko. Nilirudi ndani nikakaa na kisahani mapajani, nikaanza kukumbuka yote niliyowahi kunong'ona katika miaka hiyo: kanisani, misibani, kwenye foleni ya zahanati. Nilichosema kuhusu nguo ya mke wa mwalimu wa kwaya. Nilichosema kuhusu marehemu fulani akiwa bado sebuleni ndani ya jeneza. Ndiyo maana watu walikuwa wakinipisha kwenye mabenchi, na mimi nikadhani ni heshima ya mjane.

Nilikwenda hospitali moja Kasulu mjini, wanakopima masikio. Walinivika hedifoni, wakaniambia kila nikisikia mlio niinue mkono. Hata pale, mtu mzima, aibu ilinituma kudanganya. Nilitazama kidole cha mpimaji, kikisogea kitufeni nami nainua mkono. Alinivumilia kidogo, kisha akasema, "Mama, unainua kabla sijabonyeza." Akakigeuza kiti changu kikatazama ukuta. Nilikaa nimetazama ukuta muda mrefu na mkono wangu ukabaki pajani.

Alinieleza kwa kuandika na kwa kupaza sauti, bila kunicheka. Kelele imeua sehemu ya sikio inayoshika sauti ndogo, na iliyokufa hairudi. Sauti kubwa bado zinaingia, tena kwa ukali, ndiyo sababu sufuria inaniumiza. Nikamuuliza habari ya sauti yangu mwenyewe. Akasema mtu huipima sauti yake kwa masikio yake. "Wewe unaipandisha mpaka uisikie," alisema, "na ukishaisikia wewe, wengine wameshaisikia zamani." Akaniambia vifaa vya kusaidia kusikia vipo, niandikishe jina nisubiri, na wakati nasubiri nilinde kidogo kilichobaki. Aliniuliza kama kazini nina chochote cha kukinga masikio. Niliitikia kwa kichwa, nikaona haya kumwambia kipo msumarini.

Niliporudi nilimwita fundi arudishe sailensa. Alinitazama kama anayemtazama mtu anayetaka kufunga biashara. Kopo nikalikata waya mwenyewe. Vikinga masikio nikavifua kwa sabuni, nikavivaa, na sasa wateja wakiingia mimi ndiye ninayewahi kuinama na kuwapigia makofi, kabla hawajaanza, ili asiwepo anayesubiri jibu langu. Mashine naisikiliza kwa kiganja. Nakiweka juu ya bodi ya kinu, mtetemo unaniambia karibu yote. Adabu ile ya salamu, kumbe, ingewezekana na masikio yakiwa yamefunikwa. Ni jambo dogo sana, na sikuwahi kulifikiria. Kwa wiki kadhaa watu walipita wakiuliza kama mashine imekufa. Wengine wakahamia kwa mwenye bati.

Binti yangu hakupiga simu. Mumewe ndiye aliyekuwa akinitumia ujumbe: wazima, tunaendelea vizuri. Habari nyingine nilizipata kwa mwanamke wa kijijini kwetu anayenunua mawese Kasulu na kupita kwa watu wale. Aliniketisha, akasogea, akapaza sauti. Alisema baada ya mimi kuondoka siku ile, shangazi alianza maneno, kwamba kumbe ndivyo, kumbe walifichwa. Mama mkwe aliporudi na ndoo ya maji kichwani aliitua katikati ya uani, akamwambia shangazi mbele ya wazee wa kanisa, "Na mimi nilipoteza, tukiwa njiani tunakimbia. Kama unahesabu za huyu mtoto, anza na zangu." Shangazi hakuendelea. Tangu siku hiyo binti yangu hashiki ndoo. Mama mkwe mwenyewe, na umri wake, ndiye anayechota.

Kwa hiyo aliponipokonya neno mdomoni na kuchukua ndoo, hakuwa amenijibu. Alikuwa amenitii. Na mimi nilikuwa nimemtukana kwa mdomo wangu mkubwa, nikapanda gari nikiwa nimemkasirikia. Aibu hiyo ilinishinda kuliko ya kwanza. Ya kwanza niliweza kuilaumu mashine, lakini maneno "akachote mwenyewe" mashine haikuyatunga.

Nilifurahi pia, Mungu anajua. Siri niliyoimwaga ilimpatia binti yangu mtu wa kumbebea maji. Lakini yule mwanamke alipokuwa akinisimulia jinsi wanavyokaa wawili jioni, mama na mkwe, wakichambua mboga na kuzungumza mpaka giza linaingia, niliumia kifuani. Nilimuuliza wanazungumza nini. Akasema hajui, wanaongea polepole.

Ujumbe wa mume ulikuja: mtoto wa kike, wote salama. Nilifunga mashine nikapanda gari na kuku mmoja na unga wa ulezi. Njia nzima niliapa kwamba sitafungua mdomo. Niliingia nikapiga makofi kwa ncha za vidole, kwa sababu hata makofi siyaamini tena. Mkwe wangu, yule mama wa sauti ya chini, alinikumbatia kwa muda mrefu kama wafanyavyo watu wa kwao, akasema kitu kifuani kwangu. Nilimshika mikono yote miwili nikapiga magoti. Sikuweza kumwomba radhi bila kumpigia kelele, kwa hiyo nilibaki magotini mpaka akaniinua.

Binti yangu alikuwa kitandani, amechoka, amependeza. Aliushika mkono wangu akauweka shavuni mwake, na hakuuondoa haraka. Waliniwekea mtoto mapajani. Alikuwa mwepesi, ana nywele nyingi, ananikunjia uso. Nilimwimbia moyoni, mdomo nimeufunga. Alipolala mkwe wangu akamchukua, akamlaza kando ya mama yake, na wanawake wote chumbani wakashusha sauti.

Binti yangu na mama mkwe wake waliinamiana wakazungumza. Binti ndiye aliyekuwa akieleza, habari ndefu, akikunja vidole kama alivyokuwa akifanya tangu utoto anaponieleza jambo. Mashineni nimejifunza kusoma midomo, ningetaka ningeambulia maneno. Niligeuka nikatazama dirisha. Yale hayakuwa yangu tena, na nilijua aliyeyatoa mikononi mwangu ni nani.

Baadaye kidogo niliguswa goti. Binti alikuwa ananiuliza kitu. Sikukipata, nikamsogezea sikio. Akarudia. Sikukipata. Akapandisha kidogo, akamtazama mtoto, akapandisha tena, na mtoto akastuka, mikono ikaruka hewani, uso ukawa mwekundu. Kilio chake nilikisikia vizuri, kiliniuma masikioni. Wifi mmoja akamnyakua mtoto. Hakuna aliyekasirika. Walimbembeleza wakamlaza tena, na binti yangu akanionyesha kikombe kwa kidole. Kumbe alikuwa ananiuliza kama nataka chai.

Tangu hapo hakuna aliyejaribu tena kunisemesha. Walinitabasamia. Waliniletea chai, wakanionyesha sukari kwa vidole, nami nikaonyesha vijiko viwili. Chumba kilijaa maneno ya chini yaliyokuwa yakipita juu ya kikombe changu, na mimi nilikaa katikati yao nimenyamaza, kama nilivyoapa. Wote walikuwa wanamsifu mtoto kwamba ni mpole, analala vizuri. Nilimtazama kifua kikipanda na kushuka, na mimi, bibi yake mzaa mama, nikajikuta naomba moyoni aamke alie.